Kahawa ya Kataliko Ndani ya Ndoo

Katika nyumba yetu ya hapa Makiso, mjini Kisangani, mama yangu na mume wangu waliishi msimu mzima bila kusemeshana. Usidhani walikuwa wamegombana. Walikuwa wanaheshimiana, na heshima yao ilinichosha kuliko ugomvi wowote niliowahi kuuona.

Kwetu sisi Wanande, mkwe mwanaume hamkaribii ovyo mama wa mke wake. Hampi mkono, hali naye sahani moja, haketi kwenye kiti alichokikalia. Akiwa na neno analipitisha kwa mtu wa tatu. Wazee waliopanga hivyo walikuwa na kilima kizima: mama mkwe huku, mkwe kule, bonde katikati. Sisi tuna vyumba vitatu, sebule na baraza, na mtu wa tatu nilikuwa mimi, Emérence. Nilikuwa simu ya nyumba, tena simu ya bure.

Mama anakaa barazani, Osée yuko sebuleni, kati yao kuna pazia la mlango tu.

"Mama Sara," Osée ananiita kwa jina la mtoto wetu, "ambia Mama mvua inakuya, aingie."

Ninamgeukia mama, ambaye amesikia kila neno. "Mama, mvua inakuya, muingie."

"Ambia Papa Sara nimesikia."

Siku moja nilikasirika nikanyamaza, nione watafanya nini. Mvua ikaja. Mama akalowa hadi kitambaa cha kichwa kikamshika masikio, Osée akasimama nyuma ya pazia akikohoa ili nimsikie, na hakuna aliyefungua mdomo. Baada ya hapo nilirudia kazi yangu.

Mama, ambaye jina lake ni Kavugho, alitufikia kutoka upande wa Lubero, vita vilipopanda mpaka kwenye kilima chao. Alikuja kwa lori, njia ya Komanda na Mambasa, na mfuko mmoja wa nguo, na juu ya mapaja yake ndoo ya plastiki yenye mche wa kahawa. Kwenye kila kizuizi askari walichokora udongo kwa kijiti wakitafuta dhahabu. Ulikuwa udongo tu. Mbegu yake aliipanda baba yangu, Kataliko, katika msimu wake wa mwisho, akafa kabla ya kuhamisha miche shambani. Nyumba mama aliiacha, mbuzi aliwaacha kwa jirani, kaburi la mumewe aliliacha lingali na udongo mpya. Mche huo mmoja ndio aliokuja nao.

Tuliuweka barazani penye kivuli, maana kahawa ya milimani haipendi jua letu la Kisangani. Osée anauza misumari, rangi na mabati karibu na soko kuu, kwa hiyo alileta ndoo kubwa zaidi, akaitoboa chini kwa msumari wa moto ili maji yatoke. Mama alishukuru kupitia kwangu. Majani yalikuwa ya kijani kizito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kila asubuhi mama aliusalimia mche kabla ya kunisalimia mimi, na sikuona wivu. Basi, kidogo niliona.

Kisha manjano ikaanza. Ilianzia juu, kwenye majani machanga, na hilo lilitushangaza, maana tulizoea kuona jani la zamani ndilo linageuka rangi. Mishipa ilibaki ya kijani, lakini nyama ya jani katikati ya mishipa ilikuwa ya njano, halafu ikawa karibu nyeupe. Kila jani jipya lilizaliwa likiwa tayari mgonjwa.

Baraza letu linatazama njia, kwa hiyo kila aliyepita akawa daktari. Mama Chance alisema ni kiu. Papa Ismaël, fundi cherehani, alisema maji yamezidi. Mwanamke mmoja wa kundi la sala alitaka kuupaka mafuta ya baraka. Tuliongeza maji, tukapunguza maji, na mafuta nilikataa. Manjano ikazidi kushuka.

Nilikuwa ninachambua pondu, majani ya mihogo, mama aliponiambia neno lake. Alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kulizungusha kichwani siku nyingi.

"Emérence, kahawa ya baba yako ikikufa, mimi nitarudia Lubero."

"Lubero gani, Mama? Kule bado wanapigana."

"Wanapigana, lakini yeye iko kule. Nilimuacha peke yake. Nikabeba mutoto yake huku, na mutoto naye anakataa udongo ya huku. Ile si ananiita?"

Mimi nikiogopa hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nilimwambia mti ni mti, na marehemu hawaiti watu kwa majani. Nilimwambia kwamba kijiji chenyewe karibu hakina mtu, kwamba hata padri alikimbia. Mama alikunja kitenge chake vizuri, na kesho yake akaenda mwenyewe sokoni kumtafuta Jeancy, dereva wa kwetu anayeleta maharagwe na viazi kutoka Butembo, na Jeancy, bila kuniuliza, akamwahidi kiti cha mbele katika safari yake ijayo kama atahitaji. Mpaka leo bado ninamlaumu Jeancy kwa hilo.

Osée alikuwa nyuma ya pazia, alisikia yote. Mezani aliacha nusu ya lituma yake, ndizi za kupondwa, mtu ambaye hajawahi kuniachia hata ukoko.

"Ambia Mama," akaanza. Nikangoja. Akaangalia sahani. "Hapana. Uache."

Sasa nilikuwa ninamwangalia mama kila siku kama mtu anayeangalia paa linalovuja. Aliamka kabla yetu sote, akawasha mbabula ya makaa, akaenda kuinama juu ya ndoo. Jioni aliporudi kutoka kwenye rozari ya shirika, jumuiya ya sala ya mtaani, aliinama tena, na mabega yake yalishuka zaidi kila mara. Niliuchukia ule mche. Niliuombea pia, hilo lazima niseme, katikati ya sala za watoto na za wagonjwa, nikiona haya.

Aliyetufumbua macho ni Sandrine, jirani yetu, mzaliwa wa Isangi, anayefundisha kemia katika shule moja ya sekondari isiyokuwa na maabara. Alikuja Jumapili moja baada ya misa kuniletea samaki aliotumiwa na kaka zake. Alipita barazani, akasimama mbele ya ndoo, akasahau samaki mkononi.

"Mishipa ya kijani, nyama ya njano," alisema. "Na inaanzia juu. Mama Sara, uko na ngai-ngai ya mwekundu?"

Nilikuwa nayo, ile mboga chachu ya majani, nilitaka kupikia samaki. Akachukua fungu, akachemsha majani na vijiti vyake mpaka maji yakawa mekundu kama divai ya padri. Halafu akachota udongo kidogo kutoka kwenye ndoo ya mama, akaukoroga na maji ya mvua kwenye glasi, akauchuja kwa kitambaa. Akafanya vilevile kwa udongo wa chini ya migomba yetu, nyuma ya nyumba. Glasi mbili zikakaa juu ya stuli, na mama akasogea kuangalia.

"Wanafunzi yangu hawana karatasi ya kupimia," Sandrine alisema, "donc tunapima na ngai-ngai."

Akamimina maji mekundu katika glasi ya migomba. Yakabaki mekundu. Akamimina katika glasi ya ndoo. Yakawa zambarau, halafu yakageuka kijani chafu, kama maji ya mtaro. Mama alirudisha mkono wake nyuma.

"Muone, Mama," Sandrine alimwambia kwa sauti ya chini. "Kahawa inapenda udongo yenye iko na uchachu kidogo. Hii yenu imegeuka, iko karibu kama sabuni. Sisi tunasema pH imepanda. Chakula yake iko ndani, chuma iko ndani, lakini udongo ikiwa hivi mizizi haiwezi kuikamata. Muti iko na njaa mbele ya sahani ya kujaa." Akachokora udongo kwa mpini wa kijiko, na chini ya tabaka la juu tukaona tabaka jingine, la kijivu, laini. "Nani anaweka majivu humu?"

"Mimi," alisema mama. "Asubui, ya mbabula. Kopo moja. Kwetu migomba yote ilikuwa inakula majivu, na ilizaa vizuri."

"Mugomba inavumilia, na iko na shamba muzima ya kunyoosha mizizi. Hii iko ndani ya ndoo. Lakini hata hivyo, Mama, haya ni mengi sana kwa kopo moja."

"Niliona manjano, nikasema haishibi. Nikaongeza kidogo."

"Hata na kuongeza," alisema Sandrine.

Hapo nyuma ya pazia la sebule tukasikia kikohozi. Ninakijua kikohozi hicho. Kinakuja kabla ya neno zito.

"Mama Sara," Osée alisema, "ambia madame Sandrine kama hata mimi naweka."

"Unaweka nini?"

"Majivu. Mangaribi, wakati Mama iko ku shirika, na ninaifunika na udongo. Ninaichukua ku tanuru ya mukate, pale karibu na butiki."

Ndipo nikaelewa kwa nini mume wangu alikuwa anarudi mapema. Huyu mtu alikuwa anabeba majivu ya mkate mjini kote, kwenye kopo la rangi, kama mtu anayebeba yai. Hakuweza kukaa barazani mama akiwepo, kwa hiyo alingoja aende rozari. Hakuweza kumuuliza mama kama ameshaweka, na mama hakuweza kumuuliza yeye kama kuna mtu mwingine anayeweka. Na wote wawili hawakunituma mimi, kwa sababu kila mmoja aliona haya kujulikana anavyoupenda ule mche. Mara hii moja simu ingefaa, nao hawakupiga. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, na Sandrine naye akacheka.

Mama hakucheka.

"Donc mimi njo nilikuwa naiua," alisema. "Kataliko aliniachia kitu moja tu, na nikaiua na mikono yangu."

Akainuka akaingia chumbani, pazia likaanguka nyuma yake. Tukasikia zipu ya mfuko ikifunguliwa. Nilielewa kwamba sasa angeondoka hata kama mche ungepona, kwa sababu ya aibu, angeenda kuomba radhi juu ya kaburi kwenye kilima ambako risasi hazichagui mjane.

Nilikuwa nimeshapiga hatua kumfuata, Osée akainua mkono kunizuia. Alitoka sebuleni akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha mama. Nilidhani ataniita. Hakuniita. Alikaa chini kwenye simenti, mtu mnene vile, na suruali yake ya misa, akageuza mgongo kwa pazia ili macho yake yasije yakamwona mama.

"Mama," alisema.

Zipu ikanyamaza.

"Mama, ni mimi, Osée. Munisamehe, leo ninasema mwenyewe, juu ile neno siwezi kuipitisha kwa mutu. Mama yangu alikufa niko mutoto wa mugongo. Sura yake siijue. Tangu mulifika hapa, nikirudia mangaribi ninasikia mutu anaimba polepole ku baraza, na ninasema mu roho: bon, sasa kuna mama mu hii nyumba. Halafu mukasema kama muti inakufa, munaenda. Mimi niko mutu wa misumari, sijue kulima. Nilikumbuka tu watu wanaweka majivu. Nikaweka, nikaweka tena. Niliogopa."

Sandrine aliangalia samaki wake. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya ngai-ngai na sikujua nitaiweka wapi. Miaka yote niliyoolewa na mtu huyu, hakuwahi kunitajia mama yake zaidi ya jina.

Baadaye sauti ya mama ikatoka, nyuma ya kitambaa, imekwaruza.

"Kopo ya namna gani?"

"Ya rangi, Mama. Ile ya kilo."

"Ya kujaa?"

"Ya kujaa."

"Papa Sara," alisema mama, na safari hii jina halikupita kwangu, "hata mugomba muzima haiwezi kumaliza ile."

Nikasikia anacheka, halafu nikasikia kwamba ni kilio, halafu sikuweza kutofautisha. Osée naye alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa shati, mgongo wake bado kwenye pazia.

"Kama ni hivyo," mama alisema, "si yeye alikuwa ananiita."

"Si yeye, Mama. Ni sisi tulimulisha mingi."

Mchana huohuo tuliuhamisha mche. Sandrine alisimamia kama yuko darasani. Osée aliulaza mche upande, akatoa udongo wa kijivu kwa vidole, polepole, mizizi isikatike, na mama akaisuuza kwa maji ya mvua. Ndoo tuliiosha. Udongo mpya ulitoka chini ya migomba, ule mweusi, tukauchanganya na majani yaliyooza. Tangu sasa, Sandrine aliagiza, ni maji ya mvua tu, si ya kuoshea vyombo, na majivu yote yaende chooni. Mama aliuliza kama aweke ndimu, kwa sababu ndimu ni chachu.

"Hapana, Mama. Tusitoke ku kosa moja tuingie ku ingine. Udongo yenyewe itafanya kazi." Akasita kidogo. "Na niseme ukweli. Majani ya njano hayatarudia kijani. Yataanguka. Mungoje mapya. Kama mizizi iliungua sana, hata mapya inaweza kukosa."

Mama na Osée walikuwa wamechuchumaa pande mbili za ndoo, mikono yao ndani ya udongo uleule. Hawakuangaliana. Lakini Osée alipobonyeza sana, mama alimwambia mwenyewe, "Taratibu, inahitaji pumzi," na yeye akalegeza mkono.

Majani yakaanguka kweli. Moja baada ya jingine, asubuhi tuliyakuta kwenye simenti, na mama aliyaokota. Mche ukawa kijiti chenye majani machache kwa chini. Usiku nilisikia maji yakidondoka kwenye pipa, nikafikiria lori la Jeancy likikaribia kutoka Butembo, limejaa maharagwe, litakalorudi na mama yangu. Sikumuuliza kama bado anakwenda. Niliogopa jibu, na nikiogopa, unajua, hukasirika; niliwakaripia watoto wiki nzima kwa makosa yasiyokuwepo.

Jeancy alifika mchana mmoja wa joto kali, akasimamisha lori mbele ya nyumba, akapiga honi. Osée aliisikia kutoka dukani, au mtu alimwambia, kwa sababu alitokea mwisho wa njia juu ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akimhimiza mchukuzi wake kama wanafukuzwa. Alishuka kabla baiskeli haijasimama. Mama alikuwa ameshatoka njiani. Alivaa kitenge chake cha misa.

"Mama, kiti iko tayari," Jeancy alisema kutoka dirishani. "Tunaenda?"

Mama aligeuka akaangalia baraza. Kwenye ncha ya kile kijiti palikuwa pamechomoza kitu kidogo kama punje ya mchele, bado kimejikunja, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kusema kama kitafunguka cha kijani au cha njano. Mimi nilikuwa nimeangalia asubuhi hiyo, na yeye pia.

"Uende, mutoto yangu," alimwambia Jeancy. "Ukipita Lubero, umusalimie mwenye alibaki na mbuzi yangu. Mbuzi ikuwe yake."

Kisha akamgeukia Osée. Alimtazama usoni, na Osée akainamisha macho kwa mazoea.

"Papa Sara, unisikilize, juu sitasema mara mbili. Siku Mungu ananiita, musinibebe ku ile barabara ya Komanda. Nilitapika njia yote na nilikuwa muzima. Munizike hapa, kwenye mutaweza kuja siku ya mungu na watoto. Kataliko iko mupole, atangojea. Kama kahawa inakufa, tutapanda ingine."

Kwetu mtu anaweza kufanya biashara mahali miaka arobaini, akajenga, akazaa, na bado ni mgeni mpaka siku watakapomrudisha kilimani alikozaliwa. Mama alikuwa amesema neno ambalo mimi mwenyewe, niliyeolewa hapa na kuzalia hapa, sijawahi kuthubutu kulisema. Nililia mbele ya Jeancy na mbele ya mchukuzi wa toleka, bila haya yoyote.

Osée alikaa kwenye ngazi ya baraza, akafunika uso kwa viganja vyake viwili, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Mama alimwacha alie kidogo. Halafu akainama akamgusa bega.

"Bado sijakufa," alimwambia. "Simama, mwanangu, twende ukule. Chakula inapoa."